Mchicha wa kwenye ndoo unageuka njano, Muriet Arusha. Nimekosea wapi?

MamaLishe_Muriet · Jumapili, saa 3:40 usiku

Habari za usiku wanajukwaa. Mimi ni mama lishe, nipo Muriet hapa Arusha. Asubuhi chai na chapati, mchana ugali, wali, maharage na mboga za majani. Mboga ndiyo inayonimaliza. Kiangazi hiki fungu la mchicha pale Kilombero limekuwa jembamba, ukilishika mkononi vidole vinakutana, na mimi kwa siku nataka mafungu kumi na mbili. Nikasema basi, nalima mwenyewe uani.

Uani kwangu ni sementi tupu. Hatua nne kwa sita, nimepima kwa miguu yangu. Nimepanga chumba na sebule, na baba mwenye nyumba aliniwahi kabla sijafungua mdomo: hakuna kuchimba, hakuna kuvunja sakafu, na unyevu ukionekana ukutani nahama. Kwa hiyo kila kitu lazima kiwe cha kunyanyua na kuhamisha.

Nilichokusanya: ndoo tisa za lita 20 za mafuta ya kupikia (za kwangu mwenyewe, najaza store tu), madumu matatu ya njano nimeyapasua kwa urefu yakawa mahori sita, viroba vinne vya mchele, tairi moja la Noah alilonipa kijana wa gereji, na paleti moja nimeiegemeza ukutani kama ngazi nipange vikopo vya giligilani. Udongo nililetewa na mtu wa guta, safari mbili. Nikachanganya udongo ndoo mbili, samadi ya ng'ombe iliyokauka ndoo moja, na majivu ya jikoni. Majivu sina shida nayo, kwa siku natoa karai zima, na mama yangu alikuwa hapandi kitu bila kutupia majivu shinani.

Ndoo zote nimezitoboa chini kwa msumari uliopashwa moto, matundu sita sita, na zimekaa juu ya vipande vya tofali. Hilo nililisoma humuhumu.

Mchicha uliota vizuri. Wiki mbili za kwanza nilikuwa naamka nauangalia kabla ya kuwasha jiko. Halafu ukadumaa. Majani yakaanza njano, ncha zikaungua kama zimepitiwa na pasi. Figiri ndiyo hivyohivyo. Maharage machanga niliyopanda kwenye mahori mawili yalikufa yote. Kitu cha ajabu ni spinachi, ile yenye shina jeupe nene: inaendelea tu kama vile haijui wenzake wanaumwa.

Na udongo umebadilika. Nikimwagilia, maji yanakaa juu kama kwenye sahani, halafu ukikauka unakuwa tofali, juu una ukoko mweupe mweupe. Namwagilia asubuhi na jioni, sijaruka hata siku moja.

Samadi haitoshi? Au nimetoboa matundu machache? Nisaidieni kabla sijairudisha ile ndoo ya mwisho kwenye kazi ya kuhifadhia unga.

---

Chalii_wa_Kijenge · saa 3:58 usiku

Mazee hiyo ni njaa tu. Njano = haina naitrojeni. Tupia urea kijiko kimoja cha chai kwa ndoo, mwagilia, wiki moja unaona kijani. Mimi sukuma zangu huku Kijenge nafanya hivyo na kaka zako wanakula wanasifia.

---

MamaLishe_Muriet · saa 4:05 usiku

Asante kaka. Urea nilishaweka, nilisahau kusema. Kijiko kimoja kwa ndoo mbili. Ncha ndiyo zikazidi kuungua.

---

Mangi_Soweto · Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Dada pole. Nipo Moshi, Soweto, nina kibaraza cha mita mbili kwa saba, nakiita kihamba (shamba la nyumbani la Kichaga) cha ndoo, wake za marafiki zangu wananicheka.

Kuhusu udongo kuwa tofali, mimi nilipata hilo mwaka wa kwanza, nikaja kulimaliza kwa pumba za mpunga. Huku ni rahisi, mashine za kukoboa za mpunga wa Lower Moshi zinazimwaga tu. Udongo sehemu mbili, mboji sehemu moja, pumba sehemu moja. Ndoo inakuwa nyepesi hata mke wangu anaihamisha peke yake akipiga deki. Arusha ukikosa pumba tafuta maganda ya kahawa, ila yaoze kwanza miezi kadhaa, mabichi yanakula naitrojeni yote na mmea unabaki unakodoa.

Halafu jambo la mpangilio, kwa sababu naona umeeneza vyombo vyote chini kama mtu anayeanika mahindi. Wazee wetu kihambani hawakulima hivyo. Juu kuna mti wa kivuli, chini yake mgomba, chini yake kahawa, chini kabisa magimbi na mboga, na mbuzi zizini anakula majani anarudisha samadi. Kiwanja kimoja kinalimwa ghorofa nne. Kwangu: papai kwenye nusu pipa, pasheni imepanda waya hadi kwenye kenchi, katikati hoho na nyanya chungu kwenye ndoo, chini kwenye kivuli chepesi giligilani, mnanaa na kitunguu majani. Mgomba nilijaribu kwenye nusu pipa pia. Miaka miwili, ukanipa vichane viwili vya ndizi kama vidole vya mtoto. Usijaribu mgomba.

Masale, mmea wetu Wachaga wa kuombea msamaha, nimeotesha kwenye kopo la rangi pale mlangoni. Hailiwi, lakini Mchaga bila sale nyumbani nani atamsamehe akikosea?

---

Fundi_UngaLtd · Jumatatu, saa 2:11 asubuhi

Hilo tairi toa mboga, weka maua. Nafanya kazi gereji miaka mingi, najua linavyooza. Raba ikipigwa na jua inapukutika vumbi jeusi, na ndani yake kuna zinki na mafuta ya kiwandani. Tairi jipya kidogo si tatizo la kesho asubuhi, lakini wewe unalisha watu kila siku.

Na paleti, tafuta muhuri uliochomwa kwenye mbao. Ukiona HT, mbao zilipashwa joto, tumia. Ukiona MB, zilifukizwa kwa dawa ya gesi ya sumu, hiyo peleka ikawe kuni za... hapana, hata kuni usifanye, iache. Isiyo na muhuri kabisa niulize ilibeba nini. Ya kwangu ilibeba betri za magari, nikaikataa bure.

Vyombo vya mafuta ya kula ni vizuri sana, umechagua vyema. Usije ukashawishika na yale mapipa ya bluu ya bei poa bila kujua yalikuwa na nini. Harufu ikitoka haimaanishi dawa imetoka.

---

MzeeKitalu · Jumatatu, saa 1:30 usiku

Mama lishe, nimesoma maelezo yako mara mbili. Nilikuwa kibarua wa kitalu kule Tengeru miaka kumi na tisa, nimemwagilia miche mingi kuliko watu niliowasalimia. Kabla sijasema neno nijibu maswali matatu.

Njano inaanza majani ya juu, machanga, au ya chini, yaliyozeeka? Na ndani ya jani la njano, mishipa imebaki kijani?

Maji unatoa wapi?

Maharage yako ya kuuza yanaiva kwa muda gani?

---

MamaLishe_Muriet · Jumatatu, saa 3:15 usiku

Shikamoo mzee wangu.

Nimetoka nje na tochi ya simu nikaangalia. Njano ipo juu. Majani machanga kabisa ya kwenye kilele ndiyo ya njano, mishipa imebaki kijani, limekaa kama ramani yenye mito. Ya chini bado ni kijani.

Maji ni ya kisima kirefu cha jirani, anatuuzia kwa dumu. Ya bomba hapa mtaani yanakuja kwa mgao, na nikiyapata nayatunza.

Hilo la maharage limenichekesha, lakini nimewaza: yanaiva haraka! Nilipokuwa Sombetini nilikuwa nawasha jiko saa kumi na moja alfajiri. Hapa nawasha saa moja na saa tatu yameshalainika. Nikadhani ni aina ya maharage. Majirani wote wanasifia maji ya kisima hiki kwa maharage. Na sabuni ndiyo usiseme, povu linajaa beseni, ukisuuza mikono inabaki inateleza kama bado hujasuuza.

---

MzeeKitalu · Jumanne, saa 12:45 asubuhi

Marahaba mwanangu. Basi tatizo lako si njaa na si matundu. Unamwagilia bustani magadi.

Nikueleze taratibu, maana ukilielewa hili hutahitaji kuniuliza tena. Milima yetu ni ya volkano. Maji yanayokaa muda mrefu chini ya ardhi kuzunguka Meru yanayeyusha mawe, na mara nyingi yanatoka na sodiamu na bikaboneti nyingi, chokaa kidogo. Hayo ndiyo yaliyomo kwenye magadi. Ndiyo maana maharage yanalainika bila mtu kutia magadi, ndiyo maana mikono inateleza. Sufuria yako iligundua kabla ya ndoo zako.

Sasa kwenye shamba kubwa lenye mvua za masika, chumvi ile inaoshwa kwenda chini. Kwenye ndoo ya lita 20 haina pa kwenda. Kila jioni unaongeza kidogo, jua linachukua maji linaacha chumvi. Ule ukoko mweupe ndiyo huo. Sodiamu inaufanya udongo ulegee ukiwa na maji na ugande ukikauka, kwa hiyo maji yanakaa juu kama kwenye sahani. Ulivyoeleza hapo, sikuhitaji kuona picha.

Na njano. Mmea ukikosa naitrojeni unanyang'anya majani ya zamani ulishe machanga, njano inaanza chini. Hapo kijana wa Kijenge angekuwa sahihi. Lakini ukikosa chuma, hauwezi kukihamisha kutoka jani la zamani, kwa hiyo jani jipya linazaliwa njano likiwa na mishipa ya kijani. Chuma kimo kwenye udongo wako tele, udongo wenyewe ni mwekundu. Ila udongo ukishakuwa na hali ya magadi, chuma kinajifunga, mizizi haiwezi kukinyonya. Ni kama mtu mwenye njaa aliyefungiwa nje ya ghala.

Halafu ukatia majivu! Mwanangu, majivu na magadi ni ndugu wa tumbo moja. Bibi zetu walipokosa magadi walichuja maji ya majivu wakapikia mboga. Mama yako hakukosea, pengine udongo wake ulikuwa mchachu, au maji yake yalikuwa ya mvua na mto, majivu yakamsaidia. Kwako yameongeza kidonda. Urea nayo inaunguza kama chumvi, ndiyo ncha zikaungua.

Spinachi haijali kwa sababu ni ukoo mmoja na kiazisukari, ukoo uliozoea chumvi. Maharage ndiyo ya kwanza kufa, na karoti, vitunguu na stroberi wanafuata. Mimea yenyewe ilikuwa inakupa majibu kwa mpangilio.

La kufanya. Udongo ulionao usihangaike kuutibu. Shambani tungetumia jasi, kuna ya Makanya kule Same, lakini kwa vyombo kama vyako ni rahisi kubadili. Mwaga nusu chini ya migomba ya mtu, nusu iliyobaki changanya na udongo mpya na mboji nyingi. Majivu acha kabisa. Machicha ya majani ya chai ya kila asubuhi, maganda ya ndizi, maganda ya viazi, oza kwenye dumu lililotobolewa, yatakutosha.

Maji tumia ya mvua. Masika yapo mlangoni. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Pima upande wa paa unaomwagia uani kwako. Ukiwa na mita tatu kwa sita, mvua ya milimita 20, hiyo ya jioni moja tu ya Aprili, inakupa lita 360. Toa zinazopotea na zile za mwanzo za kuosha vumbi la paa, utabaki na kama 300. Pipa la lita 200 limejaa limefurika. Vyombo vyako vinakunywa kama dumu moja kwa siku, kwa hiyo pipa moja ni siku kumi.

Baki la jambo hili si la bustani, lakini nisipolisema sitalala. Maji ya namna hiyo pande hizi mara nyingi yanakuja na floridi. Unawajua watu wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki wenye meno ya kahawia. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi kuzunguka Meru vinapita hapo. Kuchemsha hakuitoi. Ukichemsha sana unaiongeza, maji yanapungua yenyewe inabaki. Una watoto wadogo? Wa chini ya miaka minane, ambao meno ya ukubwani bado yanajengwa ndani ya fizi, wasinywe wala wasipikiwe kwa maji hayo mpaka yapimwe maabara. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floridi, wanachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mboga ukimwagilia ni jambo dogo. Chai na maharage ndiyo jambo kubwa.

---

MamaLishe_Muriet · Jumanne, saa 4:50 usiku

Mzee nimesoma hii nikiwa nimekaa jikoni. Mtoto wangu mkubwa ana miaka kumi na mmoja, meno ya mbele yana madoa meupe na moja la kahawia. Mwalimu aliwahi kumwambia apige mswaki vizuri. Mdogo ana minne.

Nitarudi.

---

Chalii_wa_Kijenge · Jumanne, saa 5:02 usiku

Nimefuta ujinga wangu kichwani. Mzee heshima yako.

Swali dogo: sasa mboga gani za kuanza nazo wakati mvua haijaja?

---

MzeeKitalu · Jumatano, saa 1:10 asubuhi

Spinachi kwanza. Mchicha unastahimili kiasi, ukiwa na mboji na ukivunwa mapema kwa kung'oa, wiki ya tatu hadi ya nne, haukai kwenye chumvi muda mrefu. Matembele nayo ni magumu. Miche ichipuze kwa maji ya mvua au ya bomba, wakati wa uchanga ndiyo inaumia zaidi.

Nyanya ni ndoo moja shina moja, si mawili. Tengeru 97, ile iliyotolewa 1997, bado naipenda kwa sababu inakaa kwenye tenga bila kupasuka, lakini ni ya shambani. Kwa uani tafuta fupi. Na ujue Kanitangaze atakuja, huyo nondo hajui mjini wala kijijini. Majani ukiona mabaka meupe kama mtu kakwangua kwa kucha, kata jani, funga kwenye mfuko, uuanike juani. Usitupe kwenye mboji.

Mama, nimesahau kukuuliza jua. Ukuta wa jirani upo upande gani?

---

MamaLishe_Muriet · Jumatano, saa 7:30 mchana

Upande wa mlima. Nikisimama uani nikiangalia Meru naangalia ukuta.

---

MzeeKitalu · Jumatano, saa 2:00 usiku

Basi sasa hivi umekaa vizuri, ila Juni itakushangaza. Watu wanadhani kwetu jua liko utosini mwaka mzima. Juni na Julai linapita upande wa mlimani, na ukuta wa mita mbili na nusu mchana saa sita utaangusha kivuli cha zaidi ya mita moja uani kwako, asubuhi na jioni zaidi. Na ndiyo miezi ya baridi. Acha njia ya kupita upande wa ukuta, vyombo visogeze mbali nao, na ile paleti yenye vikopo iegemeze ukuta wa chumba chako unaotazama mlima, si ule wa jirani. Desemba unageuza tena. Ndiyo faida ya masharti ya mwenye nyumba wako, bustani ina miguu.

---

Mangi_Soweto · Jumatano, saa 2:25 usiku

Mzee hili la jua nina miaka mitano kibarazani sikulijua. Nilikuwa naisingizia mbegu.

---

MamaLishe_Muriet · wiki saba baadaye, Jumamosi, saa 10:15 jioni

Nimerudi kama nilivyosema. Shikamoo mzee, na habari zenu wote.

Nilifanya jaribio kwa sababu mimi ni mbishi. Ndoo mbili udongo uleule mpya, mboji ileile, mbegu za pakiti moja, bila majivu. Moja nikaandika K kwa mkaa, kisima. Nyingine M, mvua. Nimeziweka bega kwa bega pale mlangoni. Wiki tatu za kwanza nilikuwa nazigeuza niwachanganye wateja, nawauliza ipi imelala njaa. Wiki ya nne hakuna aliyehitaji kuulizwa. M nimeng'oa mchicha unafika gotini, jani pana kama kiganja. K umefika kwenye kifundo cha mguu, kilele njano. Baba mwenye nyumba alipita kukusanya kodi akasimama pale dakika nzima, akauliza K maana yake nini. Nikamwambia. Hakusema kitu, na yeye anapikia kisima kilekile.

Siku ya tatu alileta gata la bati lililokuwa limekunjwa nyuma ya choo tangu anajenga. Kalifunga mwenyewe kwa waya. Linavuja kwenye kiungo, nimeliziba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Pipa nilipata la maji ya matunda, bado lina harufu ya nanasi, nikalisugua kwa mchanga. Fundi wa Unga Ltd, nilinusa na kuuliza pia, nina shahidi.

Yaliyoharibika: viroba vyote vinne. Jua limevila, wiki ya sita nilinyanyua kimoja kikapasuka, udongo wote ukamwagika juu ya nguo nilizoloweka. Mtu asiviamini zaidi ya msimu mmoja, na asivinyanyue. Konokono wamekuja na mvua, nawaokota usiku kwa tochi, thelathini na kitu kwa siku. Tairi nimeotesha mawaridi. Giligilani kwenye paleti imekubali sana, nawauzia hata wenzangu wa chipsi, na muhuri ni HT, nilikesha kuutafuta.

Mafungu kumi na mawili kwa siku sijafika. Napata matatu mpaka manne ya mchicha na spinachi kila nikivuna, mara tatu kwa wiki. Mboga nyingine bado nanunua. Lakini giligilani, kitunguu majani na pilipili sinunui tena, nilikuwa sijui zinakula kiasi gani mpaka nilipoacha kuzinunua.

Maji nilipeleka chupa yakapimwe. Majibu ni floridi miligramu 4.6 kwa lita. Mzee sina la kuongeza hapo. Kisima sasa ni cha kufulia na kudekia. Chai, wali na maharage natumia ya bomba na ya mvua, na mdogo ana dumu lake lenye kifuniko chekundu, anawafukuza watu wazima wakiligusa.

Sasa kilio changu kipya: maharage hayaivi! Mkaa unaisha, saa tano mteja wa kwanza kakaa na bado ni magumu kama kokoto za mto Themi. Mteja mmoja ameniuliza kama nimebadilisha mpishi. Nimeanza kuyaloweka tangu saa mbili usiku, na maji ya kulowekea yakipoa asubuhi nayamimina kwenye ndoo ya M.